Kununua Zabibu za Waini kwa Jumla: Lipa Penye Mizani, Usilipe kwa Picha

Leo tuko shambani, na shamba lenyewe liko Dodoma.

Kama umeanza kutengeneza waini nyumbani kwa nanasi, tufaha au ile juisi ya pakiti, unajua penye safari hii huishia: siku moja unataka zabibu za kweli. Unaenda supamaketi, unaona bei ya kilo moja, unarudisha pakiti kwa rafu polepole. Na hata ungekuwa na pesa, zile si za waini. Zabibu nyingi tunazouziwa mjini hutoka Afrika Kusini na Misri, na zimezalishwa kwa ajili ya kuliwa: kubwa, ganda laini, nyingine hata mbegu hazina. Zabibu ya waini ni ndogo, ganda nene, mbegu zipo, na sukari yake huwa juu zaidi. Kenya tunazo kidogo, hasa upande wa Naivasha, lakini mashamba hayo yana viwanda vyake. Ukitaka kilo mia moja na zaidi karibu na hapa, jibu ni Dodoma, ambako wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu Bihawana miaka ya 1950 na wakulima wa vijiji vya jirani wakaendeleza.

Kabla hatujaenda mbali: Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inataka leseni kwa anayetengeneza kileo na kwa anayeuza. Pitia ofisi ya leseni ya kaunti yako uulize msimamo wao kuhusu unachopanga kufanya, kabla ya kuagiza kreti ya kwanza. Ukianza kuuzia majirani chupa bila karatasi, hiyo ni hadithi nyingine, na sisi hatutakuwa mashahidi wako.

Sasa turudi kwa zabibu na pesa yako.

Kitu unachonunua si kilo

Bei hutajwa kwa kilo, kwa hivyo wengi hubishana kuhusu kilo tu. Lakini kuna jambo moja kuhusu zabibu ambalo linabadilisha namna unavyopaswa kulipa. Ndizi ukiinunua mbichi, utaifunika na itaiva. Parachichi vilevile. Embe pia. Zabibu haifanyi hivyo. Ikishakatwa kwenye mzabibu, haiendelei kuiva. Sukari iliyokuwa nayo saa ile ya makasi ndiyo utakayokuwa nayo nyumbani, na kuanzia hapo kinachoendelea ni kuharibika tu. Kishada kikipondeka kwenye joto, hamira ya asili iliyo kwenye ganda inaanza kazi bila kukusubiri.

Maana yake ni kwamba unalipia vitu viwili visivyoonekana kwa mizani: sukari iliyo ndani na saa zilizobaki. Na vyote viwili haviwezi kurudishwa. Mkulima naye yuko kwenye hali hiyohiyo. Akishakata kilo 130 kwa sababu ulimpigia simu, hawezi kuzirudisha mtini. Ukizima simu siku hiyo, hasara ni yake. Ndiyo maana mkulima mwenye akili ataomba dipoziti, na usimwone mwizi kwa sababu hiyo.

Hesabu ya mtungi

Tuseme mko wanne, kila mmoja na mtungi wake wa lita 20, ule wa maji ya kunywa. Kilo moja ya zabibu hutoa kati ya nusu lita na robo tatu, kulingana na aina na jinsi unavyokamua. Chini ya mtungi kutabaki masimbi ambayo hutayanywa. Kwa hivyo kwa mtungi mmoja piga hesabu ya kilo 30 hadi 35. Watu wanne, kilo 130 hivi. Kila mtungi ukijaa vizuri unatoa chupa 26 za mililita 750, kama hamjaonja sana njiani.

Kukusanya pesa za watu wanne ndiyo sehemu ambayo urafiki huingia majaribuni. Ushauri wangu ni mkavu kidogo: pesa yote iwe imeingia kabla dipoziti haijatoka. Si nusu, si "nitatuma Ijumaa". Mtu mmoja akijitoa baada ya zabibu kukatwa, watatu waliobaki wana kilo 30 na kitu za kugawana na siku mbili za kufikiria. Tumieni akaunti ya kikundi badala ya laini ya mmoja wenu, ili kila mtu aone salio na pesa hizo zisichanganyike na kodi ya nyumba ya mtu.

Lini, na zipi

Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Kuna mavuno ya karibu Machi, wakati wa mvua, na mavuno ya Agosti hadi Septemba, wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha zabibu ikiwa imekaribia kuiva, tunda hunywa maji, sukari hushuka na ukungu huingia katikati ya kishada ambapo huoni. Mimi ningengoja Agosti. Bei ya Machi inaweza kukuvutia, lakini utatupa kreti.

Aina utakazosikia sana ni mbili. Makutupora, nyekundu, imebeba jina la kituo cha utafiti wa zabibu kilichoko hapo Dodoma. Chenin Blanc ni nyeupe. Kwa anayeanza, nyekundu huwa na huruma zaidi kwa sababu inachacha pamoja na maganda na huhitaji kukamua mara moja siku ya kufika. Nyeupe inataka ukamue haraka, na kama huna kinu ni mikono yako na usiku mrefu. Utasikia pia watu wakitaja "mchuzi wa zabibu". Usishtuke, si wa kuku. Ni zabibu iliyokwisha kusindikwa huko huko na kuuzwa kwa lita, na ni biashara tofauti na somo la leo.

Kuhusu kuiva, tafuta kifaa kinaitwa rifraktomita. Ni kidogo kama kalamu nene: unadondoshea tone la juisi, unaelekeza kwenye mwanga, unasoma digrii za Brix, yaani gramu za sukari katika kila gramu 100 za juisi. Zabibu yenye Brix 22 inaweza kutoa waini wa kileo cha asilimia 12 na nusu hivi. Yenye Brix 18 itafika 10 hivi.

Kuna mtu atasema, "Si niongeze tu sukari?" Unaweza. Kupandisha lita 20 kutoka 10 hadi 12 na nusu kunataka gramu 850 za sukari, pungufu ya pakiti ya kilo moja. Hiyo ni pesa ndogo. Lakini zabibu iliyokatwa mapema haikosi sukari peke yake. Ina ukali mwingi, haina harufu, na mbegu zake bado zina uchungu wa kijani. Hizo hazipo kwenye pakiti ya dukani. Kama huna kifaa, tafuna mbegu: iliyoiva ni ya kahawia na inavunjika kwa meno, changa ni kijani na inakwama. Na usipime tunda moja tamu ambalo mwenyeji amekuchagulia. Chukua kutoka vishada kadhaa, juu na kwenye ncha ya chini, upande wa jua na upande wa kivuli, ukamue pamoja ndipo upime.

Ongea kabla ya kutuma

Hapa Wakenya tuna tatizo letu dogo. Tunapiga simu Dodoma na kusema "Nipe kilo mia, bei ya mwisho ngapi?" Huku hiyo ni biashara ya kawaida. Kule inasikika kama umeamka vibaya. Salamu kwanza, kisha "naomba". Na kila mlichokubaliana kwa simu, kiandike kwa ujumbe. Kitu kama hiki:

"Shikamoo mzee. Asante kwa maongezi ya leo. Naomba kuthibitisha: Makutupora nyekundu kilo 130, Brix 21 kwenda juu, zikatwe Jumanne alfajiri. Bei ni shilingi 1,500 za Tanzania kwa kilo, uzito bila kreti. Natanguliza asilimia 30 leo, salio nitalipa kwenye mizani. Kreti zako tutazirudisha. Ukikubali naomba unijibu hapa."

Hiyo 1,500 ni nambari ya mfano, si bei ya soko, bei uliza msimu wako. Angalia maneno "za Tanzania". Shilingi zetu mbili zinafanana jina tu, thamani ziko mbali kabisa. Bei ikitajwa bila nchi, uliza. Na unapotuma kuvuka mpaka, usiangalie kiasi kinachotoka kwako. Angalia kile ambacho mpokeaji atapata, kwa sababu ubadilishaji na ada zimo humo humo. Mkikubaliana 58,500 na yeye apokee pungufu, siku inaanza na kesi.

Pesa ifuate mzigo

Kosa kubwa kwenye ununuzi wa aina hii ni kulipa yote kwa sababu ya picha. Picha ya shamba, picha ya vishada vinavyong'aa, hata picha ya kitambulisho. Mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuwa na shamba la picha. Omba simu ya video akiwa shambani, mwambie akate kishada kimoja mbele yako na kukipasua. Kisha, kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye skrini. Likiwa si la mtu unayeongea naye, simama hapo. "Hiyo ni laini ya shemeji" inaweza kuwa kweli, lakini shemeji naye aongee nawe kwanza. Kama ni ushirika au duka, omba nambari yao ya biashara, ile Watanzania huita lipa namba, ili pesa iingie kwa jina la biashara.

Mpango mzuri ni huu: pesa ibadilishe mikono pale ambapo jukumu linabadilisha mikono. Zabibu zikiwa mtini, ni jukumu la mkulima, na wewe umeweka dipoziti ya kutosha kulipa wakataji na kumwonyesha kuwa hutatoroka. Zikipimwa na kupakiwa, jukumu la mkulima limeisha. Mlipe salio hapo hapo, lote. Kuna wanunuzi hupenda kubaki na pesa ya mkulima "mpaka mzigo ufike Nairobi". Mimi naona si haki. Yeye haendeshi gari. Kama mzigo utachemka ukiwa Babati, huyo si mkulima. Anayestahili kungoja ni msafirishaji: nusu anapopakia, nusu mkishafungua kreti upande huu.

Lakini ili ulipe salio kwenye mizani, lazima kuwe na mtu wako kwenye mizani. Nenda mwenyewe, au mtumie mtu unayemwamini kweli. Kwa kilo 130 safari yaweza kuonekana ghali, ila tazama hesabu hii. Mmeagiza kilo 130 kwa 1,500, jumla 195,000. Umetanguliza 58,500. Siku ya kupima, kreti saba zinasoma kilo 138. Kwa haraka utaona umepata zaidi. Sasa pima kreti moja tupu: kilo 2. Kreti saba, kilo 14. Zabibu zenyewe ni kilo 124, yaani 186,000. Ukitoa dipoziti, salio ni 127,500. Kama ungelipia uzito wa mizani bila kuuliza, ungelipa 21,000 kwa plastiki ambayo hata si yako.

Hapo hapo kwenye mizani, mimina kreti moja au mbili, na iwe zile za chini. Juu huwa pazuri siku zote, hata kwa nyanya za Marikiti. Tafuta ukungu, vishada vyenye maji na harufu ya siki. Pima Brix tena. Ikiwa chini ya mliyoandika, ndipo mnaongea bei, kwa heshima, ukiwa bado na salio mkononi.

Mkulima naye ana haki ya kuwa makini. Ukimwonyesha skrini yako ikisema umelipa, asikubali, na wewe usikasirike. Ujumbe wa uongo hutengenezwa kwa dakika mbili. Aangalie salio lake mwenyewe. Subirini wote hadi pesa isome kwake, ndipo lori liwashwe.

Barabara na mpaka

Dodoma hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 400, kisha Namanga, kisha nyumbani. Zabibu zikatwe alfajiri zikiwa baridi, zikae kivulini, zisafiri usiku. Kreti zisijazwe hadi zipondane zikipandiwa. Usikubali magunia hata kama ni bure.

Karatasi zianze mapema kuliko gari. Kibali cha kuingiza mazao ya mimea hutolewa na KEPHIS na unapaswa kuwa nacho kabla mzigo haujaondoka Tanzania. Upande wa Tanzania unahitaji cheti cha afya ya mimea. Kwa mzigo mdogo, usiozidi dola 2,000, Jumuiya ya Afrika Mashariki ina utaratibu rahisi wa cheti cha asili kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Uliza mpakani kabla ya siku yenyewe. Zabibu zikikaa Namanga saa kumi juani kwa sababu ya karatasi moja, utakuwa umelipa bei nzuri kwa siki. Na mtu akikujia pale akisema tuma pesa kwa laini yake "ili faili isonge", mwambie akupe nambari rasmi ya malipo na risiti.

Ukituma kwa nambari isiyo yake

Usimpigie aliyepokea kwanza kumlilia. Wasiliana na huduma kwa wateja mara moja ukiwa na nambari ya muamala, saa na kiasi. Kila dakika ina maana, kwa sababu pesa ikishatolewa kwa wakala hakuna cha kuzuia, na muamala uliovuka mpaka ni mgumu zaidi kurudisha kuliko wa ndani ya nchi. Ndiyo sababu kwa mkulima mpya tunapendekeza utume kiasi kidogo kwanza, athibitishe kimefika na kwa jina gani, halafu utume dipoziti kwa nambari ileile uliyoihifadhi, bila kuiandika upya kwa kidole. Hakuna mfanyakazi wetu atakayekuuliza PIN yako ili akurudishie pesa.

Jumbe zote za malipo ziweke mahali pamoja: dipoziti, salio, nusu mbili za msafirishaji, ada za mpakani. Wanne wenu mtazihitaji jioni ya kugawana gharama, wakati kila mtu anakumbuka kuwa yeye ndiye alilipa mafuta.

Halafu kuna zile kreti saba tupu. Zioshe siku hiyohiyo kabla utomvu haujakauka, kwa sababu nyuki watazipata kabla yako. Mkubaliane na msafirishaji bei ya kuzirudisha kabla hajaondoka Dodoma, maana baadaye atakutajia bei ya mtu aliyekwama. Zikifika, mkulima akutumie ujumbe kwamba amezipokea zote saba. Msimu ujao ukipiga simu mwezi Julai, ataikumbuka nambari yako.